Nani atiaye mkono ndani ya gunia?

Katika masoko ya nafaka ya nchi yetu, gunia la mahindi hubishaniwa sana. Mkulima na mfanyabiashara hubishana juu ya bei. Wakala wa Vipimo huwaandama wafungao lumbesa, kwa sababu gunia lililojazwa kupita kipimo humdhulumu mkulima. Halmashauri hudai ushuru wake kwenye kizuizi. Mwenye lori hudai nauli ya kila gunia. Kila mmoja ana jambo lake la kuuliza, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza: je, mahindi haya ni salama kuliwa?

Ndugu msomaji, swali hili si la wataalamu wa maabara peke yao. Ni swali la kila mama anayesonga ugali jioni na kila baba anayebeba kiroba cha unga kutoka dukani. Na kwa Waislamu ni swali la dini pia, kama tutakavyoona. Lakini tuanze na yaliyowahi kutokea, ili tusije tukadhani kuwa tunazungumzia hofu tu.

Chemba, Kondoa na Kiteto

Katikati ya mwaka 2016 wagonjwa walianza kufikishwa katika zahanati na hospitali za mikoa ya Dodoma na Manyara wakiwa na dalili zinazofanana: macho kuwa ya njano, kutapika, tumbo kuuma na kuvimba. Watoto walikuwa miongoni mwao. Zilikuwapo familia zilizouguza zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mwanzoni ugonjwa ulitajwa kuwa haujulikani. Uchunguzi ulipofanyika, wataalamu wa kutoka nje nao wakishiriki, walihesabiwa wagonjwa 68, na kati yao 20 walifariki dunia. Hiyo ni takriban watatu katika kila kumi.

Chanzo kilikuwa mahindi. Si mahindi yaliyoingizwa kutoka nje, wala unga wenye nembo bandia, wala bidhaa iliyopitwa na tarehe iliyofichwa katika ghala la tajiri. Yalikuwa mahindi ya kwetu, yaliyowekwa majumbani, yenye sumukuvu kwa kiwango kikubwa mno. Hakukuwa na mhalifu wa kumtia pingu. Na hapo ndipo pana uzito wa jambo lenyewe, kwani sisi tumezoea kuamini kuwa chakula kibaya ni kile cha kiwandani au cha kutoka ng'ambo, na kwamba cha shambani kwetu ni salama kwa kuwa tu ni cha kwetu.

Miaka 12 kabla ya hapo, jirani zetu wa Kenya walipata msiba mkubwa zaidi. Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na wakafariki 125. Wachunguzi walipochukua mahindi katika maduka na masoko ya maeneo yale, waliona kuwa zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati huo. Maana yake ni kwamba mahindi ya shambani, yaliyovunwa na kuhifadhiwa vibaya, yalikwisha kuingia katika biashara. Aliyenunua dukani hakuwa na kinga zaidi ya aliyekula cha ghalani kwake.

Sumukuvu ni nini?

Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Baadaye ilibainika kuwa walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na kwamba karanga hizo zilikuwa na sumu iliyotengenezwa na aina ya kuvu, yaani ukungu. Wataalamu waliiita aflatoksini. Kwetu tumeizoea kwa jina la sumukuvu, ingawa jina hilo linajumuisha pia sumu nyingine zinazotokana na kuvu.

Kuvu hao huishi ardhini na kwenye mabaki ya mazao. Mmea unapopigwa na jua kali na ukame karibu na kukomaa, au punje inapotobolewa na wadudu, kuvu hupata njia. Baada ya mavuno, mahindi yakianikwa juu ya ardhi tupu, yakinyeshewa, au yakiingizwa ghalani kabla hayajakauka, kuvu huendelea kuzaliana na sumu huongezeka.

Yako mambo matatu ambayo kila mlaji apaswa kuyajua. La kwanza, sumu hii haiondoki kwa kupika. Moto wa jiko huua vijidudu vingi, lakini ugali uliosongwa vizuri kwa unga wenye sumukuvu hubaki na sumu yake. La pili, haijulikani kwa ladha, na mara nyingi haionekani kwa macho. Punje chache zaweza kubeba sumu nyingi huku zilizobaki zikiwa nyeupe na za kupendeza. La tatu, inayoua kwa siku chache ni ile iliyo nyingi sana. Iliyo kidogo, ikiliwa kila siku kwa miaka, hudhuru ini na huchangia saratani yake, na hatari hiyo huzidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Mtu wa namna hiyo hufa bila jirani yeyote kutaja mahindi.

Kwa nini Idodi?

Huenda msomaji wa Iringa au Mbeya akasema: hayo ni ya Dodoma na ya Ukambani, huku kwetu ni Nyanda za Juu, kuna baridi na mvua. Maneno hayo ni kweli nusu. Mtu akitoka Iringa mjini kwa njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huiacha baridi nyuma yake na kuteremka mpaka tarafa ya Idodi, kwenye vijiji kama Mapogoro na Tungamalenga. Huko ni nchi ya joto na mvua haba, ambako mpunga hutegemea maji ya mifereji na mahindi hutegemea bahati ya mwaka. Mkoa ni ule ule mmoja, lakini hali ya hewa inafanana zaidi na ya nchi kavu ya katikati. Idodi hatuitaji kwa sababu ya tukio la vifo. Tunaitaja kwa sababu jua na ukame, ambavyo ndivyo vimwaliikavyo kuvu, havisomi ramani ya mikoa.

Na wala huko juu kwenye baridi hakuna amani kamili. Watafiti wa Kitanzania na wenzao walipopima mahindi yaliyohifadhiwa majumbani katika vijiji vya mikoa ya Iringa, Ruvuma, Tabora na Kilimanjaro, matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa zaidi ya sampuli moja katika kila kumi ilikuwa na aflatoksini kupita kiwango kinachoruhusiwa. Sumu nyingine ya kuvu, fumonisini, ilikutwa katika karibu nusu ya sampuli. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia watoto wadogo 166 wa vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro, na ukaona kuwa watoto walioipata fumonisini kwa wingi walikuwa wafupi kuliko wenzao.

Sasa ikumbukwe kwamba katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, Iringa ndio uliokuwa mkoa wenye udumavu mkubwa kuliko yote nchini, zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Mkoa unaolisha wengine ndio wenye watoto waliodumaa. Udumavu una sababu nyingi, na hakuna mwenye haki ya kuutupia ukungu peke yake. Lakini mtoto anayeachishwa ziwa kwa uji wa mahindi na karanga, asubuhi na jioni, hula kwa uzito wake mahindi mengi kuliko baba yake. Ikiwa unga ule una sumu, wa kwanza kuilipia ni yeye.

Lango la mdhibiti liko wapi?

Nchi yetu haikukosa sheria. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliunda Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Kuanzia Julai 2019 kazi ya chakula na vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikabadilika kuwa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Kiwango nacho kipo: mahindi ya kuliwa na watu yasizidi maikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo moja, na ile aina kali kuliko zote, B1, isizidi 5. Hicho ni kipimo kidogo sana, kwani maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu.

Swali ni je, kipimo hicho kinamkuta nani? Kinamkuta mwenye kiwanda aliyeomba nembo ya ubora. Kinamkuta mwingizaji wa bidhaa bandarini na mpakani. Lakini tulifuate gunia moja kutoka Idodi. Mkulima ameanika, amepukuchua, amejaza. Dalali amenunua uani. Lori limepakia usiku. Gunia limelala Iringa mjini, au limefika Tandale, Dar es Salaam. Limepelekwa mashineni, likakobolewa, likasagwa, na unga ukauzwa kwa kilo katika mfuko usio na jina. Katika safari yote hiyo, ni wapi lilipokutana na mtu mwenye kifaa cha kupimia sumukuvu? Na mahindi aliyobakiza mkulima kwa ajili ya watoto wake, yanapita wapi?

Hatusemi kwamba serikali imelala. Baada ya mwaka 2016 ulianzishwa mradi wa kitaifa wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, wa kutoa elimu na kujenga maghala na maabara. Hayo ni ya kushukuriwa. Tunalosema ni kwamba lango la mdhibiti limejengwa pale panapopita chakula cha wachache, na chakula cha wengi kinapita pembeni.

Imani haijengwi kwa tangazo

Linapotokea jambo, desturi ya wakubwa ni kusema: wananchi msiwe na wasiwasi, chakula ni salama. Maneno hayo yasipoambatana na namba, huzaa wasiwasi zaidi.

Tazama yaliyotokea China. Kiwanda cha maziwa cha Sanlu kilianza kupokea malalamiko mwishoni mwa mwaka 2007, lakini umma haukutangaziwa mpaka Septemba 2008. Maziwa ya watoto yalikuwa yametiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ili yakipimwa yaonekane yana protini nyingi. Watoto 6 walifariki na karibu 300,000 waliugua. Adhabu kali zilitolewa, hata za kifo. Je, imani ilirudi? Miaka mitano baadaye, mwaka 2013, Hong Kong ililazimika kuweka sheria kwamba msafiri asitoke na zaidi ya makopo mawili ya maziwa ya watoto, kwa jinsi wazazi wa China bara walivyokuwa wakiyanunua huko. Kiwanda kilifungwa, wahalifu waliuawa, na bado mzazi hakuthubutu kumpa mwanawe maziwa ya nchi yake.

Karibu na kwetu, tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio liliondolewa, kwa masharti ya usajili wa waagizaji na cheti cha kipimo. Huku kwetu wengi walilichukulia kuwa ni vita vya biashara. Huenda biashara ilikuwamo. Lakini jibu la vita hivyo lingekuwa jepesi mno kama tungekuwa na desturi ya kutangaza vipimo vyetu kila msimu, wilaya kwa wilaya, vizuri na vibaya. Asiye na namba zake hubaki akijibu namba za mwenzake kwa hasira. Na ikumbukwe kuwa Kenya wenyewe, Novemba 2019, shirika lao la viwango lilikwisha kupiga marufuku aina tano za unga wa mahindi wa viwanda vya nchini mwao kwa sababu hiyo hiyo. Waliotaja majina ya unga wao hadharani walikuwa na msingi wa kuuliza juu ya mahindi ya wengine.

Funzo la sokoni Madina

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (ra) kwamba Mtume (saw) alipita sokoni penye lundo la nafaka. Hakuridhika na kuitazama kwa juu. Alitia mkono ndani yake, na vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume (saw) akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile mbichi juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake.

Tuizingatie hadithi hii. Kwanza, ukaguzi ulifanywa kwa mkono, sokoni, chini ya lundo. Wataalamu wa leo wanasema hivyo hivyo: sumukuvu haikai sawasawa katika gunia, kwa hiyo sampuli haitolewi juu tu, bali juu, katikati na chini, na katika magunia mengi. Pili, muuzaji hakulaumiwa kwa mvua, kwani mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Alilaumiwa kwa kuficha. Mkulima wa Idodi aliyepigwa na ukame hana kosa. Kosa ni kulichanganya bovu na zima ili lisionekane. Tatu, dawa iliyotajwa ilikuwa uwazi: mnunuzi aone, kisha aamue mwenyewe.

Kutokana na msingi huo, Waislamu waliunda kazi ya hisba, yaani usimamizi wa masoko. Al-Mawardi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, alipoieleza kazi hiyo alimtofautisha msimamizi wa soko na kadhi. Kadhi husubiri mlalamikaji. Msimamizi wa soko hasubiri, bali hutoka, hutafuta na hukagua. Hiyo ndiyo tofauti tunayoihitaji leo. Aliyekula sumukuvu hawezi kulalamika, maana hajui kuwa ameila. Mdhibiti anayengoja malalamiko ya sumukuvu atangoja mpaka msiba.

Halali na njema

Waislamu wa mijini tumekuwa hodari wa kuuliza juu ya halali. Tunatafuta nembo kwenye pakiti na tunauliza kuku alichinjwa na nani. Ni vizuri. Lakini Qur'an, katika Suratul Baqara aya ya 168, imewaamrisha watu kula kilicho halali na kilicho kizuri, vyote viwili. Mahindi hayachinjwi, kwa hiyo tunaona hayana swali. Tumeshika neno la kwanza na kuliacha la pili.

Yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mwenye jamaa kijijini amnunulie turubai la kuanikia, kwani bei yake haizidi thamani ya mtoto. Kabla ya kuhifadhi, mahindi yajaribiwe kwa chumvi: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, kisha iache itulie, chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi bado mabichi. Mifuko isiyopitisha hewa inafaa kwa kuhifadhia yaliyokwisha kukauka. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zichambuliwe na kutupwa, na mahindi yakobolewe, kwani vyote viwili hupunguza sumu. Zilizotupwa zisipelekwe kwa ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hupita mpaka kwenye maziwa. Wala zisitolewe sadaka. Aya ya 267 ya sura hiyo hiyo imekataza kukikusudia kibaya na kukitoa, hali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Wasimamizi wa vituo vya yatima na wapishi wa futari wauulizie unga wanaoletewa.

Lakini turubai na chupa ya chumvi havitamwondolea mdhibiti wajibu wake. Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Vipimo vya haraka viwekwe katika masoko makubwa ya nafaka na penye vizuizi vya ushuru. Halmashauri inayochukua ushuru wa kila gunia haikosi pa kuanzia. Matokeo yatangazwe kila msimu kwa majina ya maeneo, kabla ya uvumi kutangulia. Na mkulima ambaye mahindi yake yamekutwa na sumu asiachwe na hasara peke yake, kwani akijua kuwa kupimwa ni kufilisika, atayapitisha usiku.

Madiwani na wabunge huja kuomba kura zetu, na maimamu wanazo hotuba za kila Ijumaa. Msimu wa mavuno ujao, swali hili liulizwe hadharani, Idodi, Iringa mjini na Tandale: katika magunia yaliyopita hapa, ni mangapi yaliyopimwa, na yalikutwa na nini? Mwenyezi Mungu (sw) atuwafikishe kula vilivyo vizuri na kuwalisha wenzetu mfano wake.